Wiki Sita za Kidato cha Kwanza

Mabamba, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, mwaka mpya wa shule huanza maharage yakiwa uani. Ni Januari. Mvua zilizoanza Oktoba bado zinanyesha, maharage ya msimu wa kwanza yameanikwa kwenye maturubai jua likijitokeza, na mengine yameshapimwa kwa debe kwenda sokoni. Kila debe lina kazi yake: hili shati jeupe, lile viatu vyeusi, lile kaunta buku na mkebe wa hesabu. Ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, ila fomu ya kujiunga bado ina orodha yake, na ndani ya orodha hiyo mzazi atakutana na jembe, fagio na ndoo. Ndiyo maana darasa la Kidato cha Kwanza halijai siku moja. Jumatatu ya kwanza wanaripoti wachache, wiki inayofuata wanaongezeka, na wengine hufika mwezi ukielekea kwisha, baada ya baba kuuza mkungu wa mwisho au baada ya mtendaji kupita nyumba kwa nyumba. Agizo kwamba mtoto asizuiwe kwa kukosa sare hurudiwa kila mwaka. Lakini mtoto naye ana haya zake. Akijua wenzake watavaa nini, yeye hungoja.

Mwalimu anayeumizwa zaidi na ungojaji huo ni wa Kiingereza, kwa kuwa wiki hizo za mwanzo ni zake. Kabla Fizikia haijawa Fizikia na Jiografia haijawa Jiografia, shule za serikali huwa na kozi ya awali ya Kiingereza, ya wiki sita hivi, ambayo walimu wengi huiita “baseline”. Wazo lake ni rahisi kulieleza: mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yatafundishwa kwa Kiingereza, basi apewe muda wa kuvuka. Miaka saba upande huu, wiki sita za kuvuka, miaka minne upande ule. Aliyezipanga wiki hizo bila shaka alikuwa na nia njema. Ila nadhani hakuzipanga akiwa amesimama mbele ya watoto sitini wa Kibondo.

Tusimame sisi. Mwalimu anaingia, darasa zima linainuka kwa pamoja: “Good morning, sir!” Sauti ni moja, imenyooka, imefanyiwa mazoezi. Septemba tu watoto hawahawa walikuwa wakisema shikamoo, mwalimu. Anawaambia wakae, nao wanakaa, maana mkono wake umeonyesha chini. Anaeleza jambo kwa dakika tano. “Are we together?” anauliza. “Yeees, sir!” “Any question?” “Nooo, sir!” Mgeni akichungulia dirishani ataondoka na furaha. Mwalimu mzoefu hafurahi, kwa sababu anajua kwamba jibu la wote ni kichaka, na nyuma yake anaweza kujificha kila mmoja.

Watoto hawa si wajinga. Wamefaulu mtihani wa darasa la saba, wamechaguliwa, majina yao yamebandikwa. Mtihani huo wameufanya kwa Kiswahili, isipokuwa karatasi ya Kiingereza, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kuchagua jibu: mtoto anaweza kuifaulu bila kuandika sentensi moja iliyotoka kichwani mwake. Na Kiswahili chenyewe, kwa wengi wa vijiji vya Muhambwe na Heru, kilianzia shuleni. Nyumbani ni Kiha: Kiha cha shambani, Kiha cha kusutwa na bibi, Kiha cha kuitana ng'ambo ya bonde. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu. Mtoto wa Ujiji au wa Dar es Salaam walau ameupata ule muda wa Septemba hadi Desemba: wazazi wengi wa mjini huwapeleka watoto kwenye masomo ya “pre-form one”, wakalipa. Mwenzao wa Mabamba katika miezi hiyohiyo alikuwa akipanda, akipalilia, akichunga, na siku za soko akibeba.

Sasa geuza macho magharibi. Burundi iko pale, ng'ambo ya mpaka, na njia ya Mabamba kwenda Gisuru imepitiwa na watu wengi kuliko wanaoweza kuhesabika, wakikimbilia huku wakati wa vita na wakirudi kwao wakati wa amani. Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba mama wa upande huu na mama wa upande ule hufanya biashara bila mkalimani. Lakini mtoto wa mama yule akipanda madarasa, anakabidhiwa Kifaransa. Wa mama huyu, Kiingereza. Hata ndani ya Tanzania, katika kambi ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, watoto wa Kirundi wamesoma kwa mtaala wa kwao. Kilomita chache tu kati ya madarasa mawili, lugha ya nyumbani karibu ni moja, na daftari zao haziwezi kuazimana.

Wazee wa Buha, nchi ya wasemao Kiha, hawakuulizwa juu ya mgawanyo huo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliwatimua Wajerumani Kigoma, nayo yakaishikilia. Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana mpaka: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki, pamoja na Kigoma, kwa Waingereza. Wabelgiji waliondoka 1921. Kama mazungumzo yale yangekwenda vingine, mwalimu wetu asubuhi hii angekuwa anafundisha “Bonjour, monsieur”, tena kwa uchungu uleule. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani Kiingereza kilifika hapa kwa sababu ya ubora wake.

Uhuru ulipokuja kulikuwa na nafasi ya kuamua upya, na nusu ya uamuzi ilifanyika. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta iliyotoa ripoti yake 1982 ilipendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili, kuanzia Kidato cha Kwanza cha 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili waliofadhiliwa na Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi na kukuta kwamba wengi hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Kisha, kwa namna ambayo mpaka leo huwashangaza wasomaji wa ripoti yao, wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia. Kilichofuata ni mradi wa kuimarisha Kiingereza, na katika mradi huo kulikuwa na kitu kimoja cha maana sana kwangu: vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopelekwa mashuleni, vya kusoma kwa raha. Ningekuwa na uwezo ningevirudisha leo, kreti kwa kreti.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Taifa lilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, madaraja yakapangwa upya na wengine wakapanda. Sababu zilitajwa nyingi: walimu wachache, maabara hazipo, vitabu havitoshi. Ila mtu aliyewahi kusahihisha mitihani hiyo anajua zile karatasi ambazo mtoto amenakili swali lenyewe, kwa mwandiko mzuri, kama jibu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufungua mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote. Toleo lake la 2023 liliacha sekondari mikononi mwa Kiingereza. Basi wiki sita zinaendelea.

Katika mijadala hii jina la Japani halikosi kutajwa. “Wajapani mbona wamesoma kwa lugha yao?” Ni kweli, lakini wanaolitaja mara nyingi hawajui kwamba Wajapani nao walikuwa na wiki sita zao, na zilidumu miongo.

Mwaka wa shule Japani huanza Aprili, maua ya micheri yakiwa yamechanua. Katika zama za Meiji, zilizoanza 1868, serikali ilikuwa na haraka ya kuikamata sayansi ya Ulaya, na vitabu kwa Kijapani havikuwepo. Ikaajiri walimu wa kigeni kwa mishahara minono. Chuo Kikuu cha Tokyo, kilichoanzishwa 1877, kilifundisha masomo mengi kwa Kiingereza na mengine kwa Kijerumani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1872, Mori Arinori, aliyekuwa mwakilishi wa Japani mjini Washington na baadaye Waziri wa Elimu wa kwanza wa nchi hiyo, alimwandikia msomi wa Marekani William Dwight Whitney kumtaka ushauri juu ya kuchukua Kiingereza kuwa lugha ya Wajapani. Whitney alimkatalia. Mkali zaidi alikuwa Mjapani mwenzake, kijana aliyekuwa akisoma Uingereza, Baba Tatsui. Mwaka 1873 alichapa London kitabu cha sarufi ya Kijapani, na katika utangulizi wake akajenga hoja ambayo ingeweza kuandikwa Kibondo: lugha ya kigeni ikiwa ndiyo ya elimu, wenye nafasi wataipata, maskini hawatakuwa na muda nayo, na nchi itapasuka kuwa mataifa mawili yasiyosikilizana. Alitoa mfano wa India. Sisi tunao mfano wa karibu zaidi: basi la njano linalobeba watoto kwenda shule za kulipia za Kiingereza, huku wengine wakipita kando yake kwa miguu.

Wajapani wakatafsiri. Istilahi za kemia, sheria na tiba zilitungwa, walimu wa kigeni wakapungua mmoja mmoja, Wajapani wakashika nafasi zao. Kiingereza kikashuka kutoka lugha ya masomo yote kuwa somo moja kati ya mengi. Na mara moja kikaanza kudorora. Natsume Soseki, ambaye kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na mwaka 1895 akafundisha shule ya mkoani Matsuyama, aliandika mwaka 1911 juu ya malalamiko ya watu kwamba vijana hawajui tena Kiingereza. Alisema ni jambo la kutarajiwa: kizazi chake kilikijua kwa sababu kililazimika kusoma kila kitu kwa lugha hiyo, na kupungua kwake kulikuwa dalili kwamba elimu ya Kijapani imeanza kusimama.

Hapo ndipo ninapotengana na wenzangu wa kambi ya Kiswahili, ambayo kwa mengine ni kambi yangu. Husema kwamba Kiswahili kikifundisha masomo, Kiingereza kitafundishwa vizuri zaidi kama somo. Pengine. Japani haithibitishi hivyo. Vijana wake husoma Kiingereza miaka mingi, serikali yake tangu 1987 imekuwa ikileta vijana kutoka nje kusaidia kukifundisha kupitia mpango unaoitwa JET, na bado Wajapani wenyewe hulalamika kwamba hawawezi kukizungumza. Kinachothibitishwa na Japani ni jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi. Mwaka 2008 Toshihide Maskawa alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alipopanda jukwaani Stockholm kutoa mhadhara wake aliomba radhi kwamba hajui Kiingereza, kisha akaeleza fizikia yake kwa Kijapani. Kukijua Kiingereza na kuijua Fizikia ni safari mbili, na pale Mabamba tumeamua kwamba asiyemaliza ya kwanza asiianze ya pili.

Uamuzi huo hautabadilishwa na mwalimu mmoja mwenye chaki. Yeye amepewa wiki sita, na swali lake ni la kazi: nizitumie vipi?

Kwanza, asifuate kitabu ukurasa kwa ukurasa. Darasa lisilojaa mpaka mwisho wa Januari haliwezi kufundishwa kama ngazi, kwa sababu atakayefika wiki ya tatu atakuta vidato vya chini vimeondolewa. Walimu wanaoyajua mazingira haya huzunguka: kila siku dakika za mwanzo ni zilezile, amri zilezile, maswali yaleyale, kikiongezwa kidogo. Aliyekuja jana anaingilia mlangoni, hahitaji dirisha.

Pili, avunje kile kichaka cha sauti ya pamoja. Hapa kuna njia isiyohitaji umeme wala karatasi. Mwambie mtoto: “Go to the door. Open it. Touch the wall.” Mwili wake utakupa jibu ambalo mdomo ungelificha. “Put your pen under the desk”: anayeiweka juu amekueleza kila kitu, bila aibu, na wenzake wamecheka kicheko kisicho na sumu. Njia hii nayo ina historia yake Japani. Harold Palmer, Mwingereza aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu juu ya ufundishaji wa Kiingereza na akakaa huko hadi 1936, alikuta madarasa makubwa ya wanafunzi wanaojua kutafsiri ila hawajui kusikiliza. Mwaka 1925 yeye na binti yake Dorothée walichapa huko kitabu cha mazoezi ya amri za namna hiyo. Alitaka masikio yatangulie mdomo. Madarasa ya Palmer na madarasa ya Mabamba yanafanana kwa jambo hilo: wanafunzi wengi, aibu nyingi, na lugha ambayo haisikiki popote nje ya ukuta wa shule.

Yanafanana hata kwenye ulimi. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu, hivyo mtoto wa huku akisema “sikulu” na wa kule akisema “sukuru” wote wawili wanafanya ukarabati uleule wa neno lilelile. L na R zinawasumbua Wajapani kama zinavyosumbua nusu ya Tanzania. Ushauri wangu ni kupita haraka hapo. Hakuna mtahini atakayeisikia R ya mtoto, atasoma alichoandika.

Na atakachoandika kitategemea maneno machache ambayo ajabu yake ni kwamba hayafundishwi na mtu yeyote. Karatasi za Baraza la Mitihani zimejaa vitenzi vya amri: define, mention, outline, explain, differentiate. Mwalimu wa Historia anadhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ana nyakati za vitenzi za kumaliza. Mtoto anafika mtihani wa Kidato cha Pili hajui kwamba “mention” inataka orodha na “explain” inataka sababu, akaeleza palipotakiwa kutaja na kutaja palipotakiwa kueleza. Mimi ningezitumia wiki mbili nzima kwa vitenzi hivyo, tena kwa kutumia vitu anavyovijua: taja mazao matatu ya Kibondo, eleza kwa nini muhogo unastahimili ukame, tofautisha mbuzi na kondoo. Swali kwa Kiingereza, majadiliano kwa Kiswahili, hata Kiha wakiwa wawili wawili, jibu kwa Kiingereza, sentensi moja fupi iliyo yake.

Najua ukutani nje ya ofisi ya walimu, katika shule nyingi, kuna tangazo: “No English, no service.” Nia yake ni kuwalazimisha watoto wazoee. Matokeo yake, Januari, ni kwamba mtoto aliyeumwa tumbo hapigi hodi. Anakaa nalo. Tena walimu wenyewe wakiwa darasani hawalifuati, na hawawezi kulifuata: “Cell ni basic unit of life, yaani kiumbe chochote mnachokiona, mti, ng'ombe, wewe mwenyewe, kimejengwa kwa seli.” Ukimsikia mwalimu wa Baiolojia akisema hivyo, ujue kipindi kinaendelea vizuri. Vijana wa Kijapani wa kujitolea waliokuja kwa miaka mingi kupitia JICA kufundisha hisabati na sayansi katika sekondari zetu huanza kwa kujifunza Kiswahili. Darasani Kiingereza si cha kwao wala si cha wanafunzi wao, na mambo yakikwama wote wanakutana kwenye Kiswahili. Sijasikia mtu akiwalaumu kwa hilo.

Wiki ya tano au ya sita waandaliwe mdahalo, ule wa kawaida wa Ijumaa, mada ikiwa mkulima na mwalimu, nani bora. Waliojiandaa watakariri aya nzima walizoandikiwa na kaka wa Kidato cha Tatu. Wasikatazwe. Lakini kila mzungumzaji aulizwe swali moja ambalo hakuliandaa, jepesi, kuhusu shamba la kwao, na alijibu kwa maneno manne au matano. Alama zitolewe kwa jibu hilo tu.

Wiki ya saba mwalimu wa Fizikia anaingia na ratiba yake. Darasa linasimama kumsalimu, linakaa, naye anaandika ubaoni “Introduction to Physics” na chini yake swali linaloanza na “define”. Mwalimu wa Kiingereza hayupo kuona nani ameinua mkono; yuko chumba cha pili, na Kidato cha Pili, ambao wana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka na bado wanaandika “mention” kama “explain”.